Fungate Msimu wa Mastiki

Juni 10

Nimeamka nikakuta Zannis ameshachemsha kahawa, na kando ya kikombe changu ameweka ua la mkomamanga. Nina miaka sitini, nina wajukuu Athens, na leo nimewekewa ua kando ya kikombe! Tulikaa kwenye roshani, miguu yangu mapajani mwake, tukanywa polepole kama watu wasio na shughuli yoyote duniani.

Chini uchochoroni wanawake walikuwa wakipita na mafagio na majembe, wanakwenda kusafisha chini ya miti. Msimu wetu wa mastiki, utomvu wenye harufu nzuri ambao watu hutafuna, huanza hivyo. Unafagia na kusawazisha ardhi chini ya kila mti mpaka iwe kama sakafu ya chumbani. Julai unamwaga udongo mweupe juu yake, ndipo unachanja gome, na utomvu unadondoka hapo safi na kuganda.

Wifi Argyro alipita wa mwisho, anachechemea. Ni dada wa marehemu mume wangu, Stamatis. Alisimama akainua uso.

"Bi arusi! Kahawa tamu?"

"Tamu, wifi. Panda unywe."

"Nikipanda ngazi zako sitashuka tena. Unakuja lini?"

"Kesho," nikasema.

Zannis akanibana kidole cha mguu. "Kesho ipi?"

Nikacheka, na wifi naye akacheka. Lakini alipokata kona, kahawa ilinishinda kumaliza.

Juni 11

Sikwenda.

Juni 12

Sikwenda. Zannis amepika samaki kwa limau huku akiimba. Ana sauti mbaya, Mungu wangu, na ninaipenda!

Juni 20

Acha niandike jambo hili lote, labda litaacha kunizunguka kichwani.

Miti ile ni ya wifi na ya Stamatis, kutoka kwa baba yao. Niliolewa nikiwa msichana, na wifi ndiye aliyenifundisha kushika kisu cha kuchanjia. Tumechanja pamoja ujana wetu wote. Stamatis alipougua niliiacha miti ili nimuuguze, na hakuna aliyenilaumu. Alipofariki nilikaa ndani na nguo nyeusi, na hakuna aliyenilaumu. Kisha eda ikaisha, nguo nyeusi zikaingia sandukuni, nami nikaendelea kukaa. Wifi akafanya kazi ya watu wawili, sehemu yake na yetu. Kila alipopita mlangoni aliuliza hali yangu, hakuuliza habari za kazi.

Halafu nikampata Zannis wangu. Jumapili ile baada ya Pasaka, tumetoka kanisani, zumari na ngoma zinalia, nimevaa gauni la rangi ya krimu, nilimkumbatia wifi katikati ya dansi nikamwambia mbele ya watu: "Sasa nimepona! Mwaka huu tunachanja wote!" Alilia. Wifi Argyro, ambaye hata kaburini kwa kaka yake alilia kwa kujificha, alilia pale hadharani.

Niliahidi kwa furaha, na furaha hiyohiyo ndiyo inayonizuia. Maana lazima niamke gizani na kuuacha mkono wake. Nitarudi na ulimbo kwenye nywele na kucha, na Zannis kila jioni hubusu vidole vyangu kimoja kimoja na kusema vinanukia sabuni. Mwanamke mzima nabaki nyumbani kwa ajili ya sabuni! Nikisoma sentensi hiyo naona haya. Lakini ndiyo kweli.

Julai 3

Wifi alikuja jioni na bakuli la tini. Aliketi kwenye kiti cha chini, akanyoosha goti lake bovu.

"Plumi, nimezungumza na Pantelis."

Pantelis ni jirani yetu shambani, kijana mwenye nguvu, mkewe naye ni hodari. Miti yao imepakana na yetu.

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu miti. Nikiona msimu huu umenishinda, Siku ya Msalaba nitampa aichukue yote. Nimemwambia asubiri jibu mpaka siku hiyo."

Siku ya Msalaba ni katikati ya Septemba. Hapa kwetu makubaliano yote ya mashamba hufanywa siku hiyo, na neno likishatoka halirudi.

"Wifi, mimi si nilisema nitakuja?"

"Ulisema." Alimega tini, akanipa nusu. "Sikulaumu, mwanangu. Ukipewa moto wakati wa baridi, utaota tu. Nakwambia ili usije ukasikia kwa watu."

Afadhali angenitukana.

Zannis alimsindikiza hadi kwake, amemshika kiwiko. Aliporudi aliniuliza, "Hiyo miti ni mingi?" Yeye ni mtu wa kaskazini ya kisiwa chetu, kwa mabaharia. Alikuwa fundi wa mitambo melini maisha yake yote. Huko kwao mti wa mastiki hautoi kitu, na wengi hawajawahi hata kuuona ukichanjwa.

Nikamwambia ni mingi. Sikumwambia neno jingine.

Julai 15

Nimekwenda! Nimekwenda!

Nilitoka alfajiri na kitambaa kichwani kama zamani. Wifi alinikuta njiani, akanipa kisu na kutangulia. Tulianza chini kabisa ya shina kama inavyotakiwa, maana unaanzia karibu na ardhi na wiki kwa wiki unapanda kuelekea matawi. Nilipiga magoti. Nikachanja chale ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jua likatoka. Magoti yakauma, kisha mgongo, kisha nikaanza kufikiria roshani yetu, na yeye juu yake akiwa peke yake na kahawa yake. Nilichanja mti mmoja na nusu. Wifi na goti lake bovu alikuwa kwenye wa tano.

"Wifi, mgongo."

"Pole. Nenda, bi arusi. Jua hili si la mchezo."

"Daktari aliniambia nisiiname sana," nikaongeza. Hakuna daktari aliyeniambia chochote. Neno lilitoka lenyewe, laini kama mafuta, na wifi akaitikia kwa kichwa kwa huruma kabisa.

Zannis aliniosha miguu kwenye beseni. Nilikaa pale kama malkia, nikajiona mwizi.

Julai 16

Sikwenda. Mgongo hauumi.

Julai 22

Kwenye duka la mikate Marouko, mwenye duka, alisema kwa sauti ili wote wasikie, "Mgongo vipi, bi arusi? Tuliambiwa daktari kakukataza kuinama."

"Unaendelea vizuri."

"Afadhali. Maana Jumamosi uwanjani nilikuona unacheza mpaka viatu vikakuvuka. Nikasema, huyu daktari wake ni bingwa!"

Wanawake walicheka. Mmoja akasema, "Mwacheni, fungate bado haijaisha." Mwingine akajibu, "Fungate ya siku saba au ya miaka saba?" Hata mimi nilicheka, ningefanyaje? Nilinunua mkate wa ufuta ambao sikuuhitaji, nikatoka.

Penye miti hakuna wajenzi, ndivyo wanavyosema. Nilipita nje ya kijiji makusudi nione. Chini ya miti yetu, hata ile ya mbali ambayo siku ile sikuifikia, udongo mweupe ulikuwa umemwagwa vizuri, duara safi chini ya kila mti. Yaani alibeba magunia yale peke yake.

Agosti 1

Joto. Tulikwenda kuogelea. Sikuandika muda mrefu kwa sababu kila nikiandika ni kitu kilekile.

Agosti 15

Sikukuu ya Bikira Maria, tuko kaskazini kwao Zannis. Mji wote uko barabarani! Amenitambulisha kwa kila mtu, "Huyu ndiye Plumi wangu," mpaka nikaona haya, na nikataka aseme tena. Tumecheza, tumekula mbuzi, amenichumia tawi la jasmini kwenye ua wa watu tukakimbia kama watoto.

Dada yake aliniuliza mezani, "Na wewe, shemeji, unafanya kazi gani?"

"Nachanja mastiki," nikajibu upesi.

Zannis alinitazama. Hakunisahihisha. Alinijazia glasi tu. Jasmini ilikuwa bado kwenye nywele zangu, na harufu yake ikawa nzito ghafla, kama ya msibani.

Agosti 25

Jana mvua ilinyesha.

Tulikuwa baharini, mimi na yeye, kwenye maji mpaka kifuani. Niliona wingu nyuma ya mlima, jeusi upande wa chini. Kila mtu wa kijiji changu anajua maana ya wingu hilo mwezi Agosti. Machozi ya mastiki, ndivyo tunavyoyaita matone yake, yamelala yote chini ya miti, mengine bado laini. Yakinyeshewa yanashikamana na udongo na kugeuka tope lenye majani. Ukiliona wingu unaacha mkate kwenye tanuri, unaacha mtoto anayelia, unakimbia.

"Lile wingu," akasema Zannis. "Ni baya?"

"Ni wingu tu," nikasema. "Litapita."

Nimeandika nilivyosema. Nilijua. Si kwamba nilikosea. Nilijua, na nilitaka tubaki kwenye maji dakika chache zaidi. Mikono yake ilikuwa kiunoni mwangu na maji yalikuwa vuguvugu. Nikafumba macho. Nilisikia magari madogo ya wakulima yakipita barabarani juu yetu, moja, jingine, jingine, honi zinalia. Sikufumbua macho.

Tone la kwanza liliniangukia puani.

Tulipofika shambani mvua ilikuwa imeshakatika. Haikunyesha muda mrefu, haikuhitaji. Pantelis na mkewe walikuwa wamekusanya karibu yote yao na kuyafunika kwa turubai. Upande wetu wifi alikuwa ameketi chini, amelowa chapa chapa, sketi yake ameikunja kama kikapu. Ndani yake mlikuwa na alichookoa. Miti ya karibu aliifikia. Ya mbali, duara nyeupe zilikuwa zimegeuka uji.

Nilianza kulia.

"Usilie, bi arusi," akasema. "Machozi tunayo ya kutosha hapa chini."

"Nilikuwa baharini, wifi. Niliona wingu."

"Najua ulikuwa baharini. Nywele zako zina chumvi."

"Kwa nini hukunitumia mtu?"

"Nikutumie mtu akuambie mvua ni maji?"

Alinyoosha mkono nimwinue. Goti lilikuwa limevimba kama boga. Zannis akambeba mgongoni mpaka kwenye gari, naye wifi, mwanamke ambaye hakuwahi kubebwa na mtu yeyote tangu utoto, alisema tu, "Polepole, baharia, mimi si nanga." Njia nzima sketi yake alikuwa ameifumbata mapajani, lisimwagike hata tone moja.

Agosti 30

Nalia asubuhi kabla ya kahawa. Zannis ananiuliza, nasema ni macho. Wifi bado anachanja raundi ya pili, anatambaa kutoka mti hadi mti. Kila usiku naapa nitakwenda. Kila asubuhi aibu inakuwa kubwa zaidi na mimi nazidi kuwa mzito. Nitatokaje? Nitasimama mbele yake niseme nini?

Nilidhani mtu akijiona mkosaji vya kutosha, ataamka. Si kweli. Analala zaidi.

Septemba 4

Leo nimegombana na mume wangu kwa mara ya kwanza, na kwa sauti ambayo Pantelis aliisikia kutoka mwisho wa shamba lake.

Nilipofumbua macho kitanda kilikuwa kitupu upande wake. Kahawa haipo. Viatu vyake havipo. Nikangoja. Nitasema kweli: nilifikiria mwanamke mwingine. Sina aibu kulisema, ukiolewa ukiwa na miaka sitini unajua kwamba bahati kama hii inaweza kuondoka jinsi ilivyokuja. Nilitoka na nguo ya kulalia chini ya koti, nikauliza dukani. Marouko akanielekeza kwa kidevu: shambani.

Nilimkuta amepiga magoti chini ya mti wetu mkubwa ulio karibu na ukuta, kisu kimoja cha wifi mkononi, jasho linamtoka, anatabasamu kama mtu aliyetengeneza injini.

"Nilitaka kukushtukiza," akasema. "Unalia kila siku. Nikasema, nami nina mikono. Tazama unavyotoa! Wa wifi unadondoka kidogo kidogo, huu unabubujika!"

Nikatazama.

Alikuwa amekata mpaka kwenye mti wenyewe. Si chale, alikuwa amezungusha mkato mmoja shina zima, duara kamili, kama mtu anayechonga uzi wa skrubu. Juu yake ameanza mwingine. Utomvu ulikuwa unamiminika, ndiyo. Hata ng'ombe ukimchinja damu hububujika.

Kitu kilinipanda kutoka kwenye nyayo.

"Nani kakwambia ukate hivyo?"

"Wifi yako alisema nichanje kidogo."

"Hiki ni kidogo? Hiki? Gome linakatwa unene wa ukucha! Unachanja hapa, unaruka, unachanja hapa, mti upate pa kupumulia! Umeuzungushia kitanzi, Zannis! Umeunyonga!"

"Plumi wangu..."

"Usiniite Plumi wangu! Lete kisu!"

Wifi alikuja akichechemea kutoka upande wa pili, ambako alikuwa akichanja bila kuona. Alitazama shina, akatazama Zannis.

"Baharia," akasema, "nilikwambia kidogo."

"Melini hicho ni kidogo."

"Basi meli zenu zilielea kwa rehema za Mungu."

Lakini mimi nilikuwa nimeshapiga magoti. Niliupaka mkato udongo uliolowa, nikaufunga kwa kitambaa changu cha kichwa. Kisha nikaona mti wa jirani yake, nao alikuwa ameuanza, nikasahihisha. Kisha nikaona mti unaofuata wifi hakuufikia, na wakati wake wa kuchanjwa umeshapita. Kisha mwingine. Nilikuwa nabwata peke yangu: tazama huu, tazama ulivyoachwa, hivi ndivyo mti unavyotunzwa? Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Kugonga kidogo, kuruka, kugonga. Niliinua kichwa tu kivuli kilipokuwa kimekwisha, jua liko utosini, nami bado nina nguo ya kulalia chini ya koti.

Wifi alikuwa ameketi ukutani na chupa ya maji.

"Mgongo?" akauliza.

"Hauumi. Haukuwahi kuuma, wifi. Hakukuwa na daktari."

"Najua. Daktari wa hapa ni mmoja, na mkewe ni binamu yangu." Akanywa, akanipa chupa. "Nilikuwa nangoja uniambie. Siyo binamu."

Nikaketi kando yake. Nilitaka kumwomba msamaha kwa ajili ya mvua, na kwa kila kiangazi kilichopita. Kabla sijaanza, yeye akaonyesha kwa kidole mti wa tatu.

"Pale umechanja karibu mno na jeraha la zamani. Mkono wako una kutu."

Zannis alikuwa amesimama mbali, kofia mkononi, kama mtoto aliyevunja dirisha. Nilimwendea nikamshika mikono, imejaa ulimbo mpaka kwenye viwiko. Alitaka kunisaidia, naye kwa kunisaidia ameujeruhi mti wa baba yao wifi na Stamatis, na mimi nimemfokea mbele za watu. Kati ya sisi wote watatu, mwenye kosa la kweli ni mimi.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Sijawahi kukuona hivyo," akasema. "Ulikuwa kama nahodha."

Septemba 5

Nimekwenda.

Septemba 8

Nimekwenda. Vidole vimeshikana, nilikula mkate kwa kiganja.

Septemba 11

Nimekwenda. Marouko alipita na gari akapiga kelele, "Bi arusi kafukuzwa kitandani!" Nikamjibu kwamba kitanda chake mwenyewe hata paka amekihama. Wifi alicheka mpaka akashika mti.

Mti ule mkubwa majani ya upande mmoja yamelegea. Wifi haniambii kama utapona. Nami siulizi.

Septemba 14

Siku ya Msalaba. Kanisani tumepewa matawi ya mrehani, kijiji kizima kinanukia. Baada ya ibada Pantelis alikuja uwanjani, nguo safi, nywele amezilowesha.

"Mama Argyro, heri ya sikukuu. Nimekuja kwa lile neno letu."

Wifi alikuwa ameegemea fimbo. Alinigeukia.

"Mjibu wewe."

Watu walikuwa pale, mkewe Pantelis, padri, Marouko na shingo yake ndefu. Zannis alikuwa ng'ambo ya uwanja akinunua maji ya ndimu. Julai ijayo tumepanga kusafiri. Ameniahidi kunionyesha bandari zote alizonisimulia, moja baada ya nyingine, na nilimwambia ndiyo, nilimwambia ndiyo nikiwa nimelaza kichwa kifuani pake. Ningeweza kusema, "Nipeni muda nimuulize mume wangu." Hata wifi asingenilaumu. Hajawahi kunilaumu, na hapo ndipo nilipoona kwamba nikilisema hilo atampa Pantelis mkono palepale, kwa upole, na atakwenda nyumbani kukaa dirishani.

"Asante kwa kungoja, Pantelis," nikasema. "Miti tunabaki nayo. Mimi nitachanja."

"Mwaka huu?"

"Mwaka huu tumekwisha. Nasema mwakani. Na mwaka utakaofuata, Mungu akipenda."

Alinishika mkono kwa heshima. Wifi alitazama chini akachokonoa jiwe kwa fimbo. "Umesema mbele ya padri," akanong'ona. "Sasa hata mgongo ukivunjika kweli, imekula kwako."

Nilivuka uwanja nikamwambia Zannis kabla hajaonja maji yake ya ndimu. Nilimwambia yote, bila kupamba. Julai hatutasafiri. Wala Agosti. Sikumuuliza, na nilipaswa kumuuliza.

Alizungusha glasi. Uso wake ulishuka, niliuona ukishuka, naye hakujaribu kuuficha, na ninampenda kwa hilo pia.

"Nilitaka uione Genova wakati wa joto," akasema.

"Tuione wakati wa baridi."

"Wakati wa baridi inanyesha."

"Basi inyeshe. Huko sina cha kuanua."

Alicheka kidogo tu, si sana. Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono, na sikujua kama amenisamehe au anajitahidi.

Septemba 15

Bado kuna mastiki ya raundi ya pili ya kukusanya, na asubuhi mbingu zilikuwa na mawingu membamba. Niliamka kabla ya jogoo. Zannis alikuwa amelala, mkono wake umenyooshwa upande wangu, kiganja wazi. Nilimfunika. Nilisimama mlangoni kitambo. Nilijiona mkosaji ngazi zote za kushuka, na uchochoro mzima, mpaka kwenye kona ya kanisa. Kuanzia hapo nikawa nawaza mti gani nianze nao.